Bustani ya Kijapani Malindi: wacha kamelia, anza na mvinje

Swali la dada mmoja wa hapa kwetu:

"Assalam aleykum kaka. Niko Malindi upande wa Casuarina, nyumba iko karibu na bahari na upepo wa kusi unaingia moja kwa moja. Nyuma nina nafasi kama mita 12 kwa 9, chini ni jiwe la matumbawe na udongo kiduchu juu yake, maji ni ya kisima, yana chumvichumvi. Nataka bustani ya Kijapani ambayo itakaa kijani mwaka mzima. Nasari moja imeniandikia listi: paini, azalea, kamelia na kuvumwani. Ninunue? Na kama sio, nipande nini?"

Wa aleykum salaam dada yangu. Usinunue bado. Hio listi ni ya Kyoto, ule mji wa kale wa Japani, na Kyoto kuna baridi ya kweli na udongo wenye tindikali, wewe uko juu ya matumbawe na chumvi inakujia kotekote, juu kwa upepo na chini kwa maji ya kisima. Wacha nikwambie moja moja kwa nini, alafu tuingie kwenye miti yenyewe manake huko ndo kwenye raha.

Azalea na kamelia zataka udongo wa tindikali, na matumbawe ni chokaa. Kwenye chokaa mizizi yake inashindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yapo tele, kwa hivyo jani linageuka njano huku mishipa imebaki kijani, baadaye linaungua pembeni kwa chumvi, mche unakufa polepole na wewe kila ukienda nasari unaambiwa ongeza mbolea. Kuna watu watakwambia panda kwenye poti na udongo wa kununua. Sawa, lakini utanyweshea nini? Maji ni yale yale ya kisima, na baada ya muda udongo wa poti unakuwa hauna tofauti na wa nje. Kuvumwani nayo, yale manyoya laini ya kijani yanayotambaa juu ya jiwe lenye unyevu, yapendeza kweli, pale Kyoto kuna hekalu la Saiho-ji ambalo bustani yake ina aina kama 120, lakini yanaishi kwa kivuli na unyevu mtamu, ukiyamwagia maji ya chumvi basi.

Paini ndo inayowachanganya wengi. Ile paini nyeusi ya Kijapani, kuromatsu, huota ufuoni kule kwao na inavumilia chumvi vizuri mno, kwa hivyo mtu akisoma hivyo anaona hio ndo ya Malindi. Lakini ule mti ni lazima upate miezi ya baridi upumzike, na huku kwetu hata usiku wa Julai ni nadra joto kushuka sana chini ya nyuzi 20. Usipopumzika unachoka, unakonda, unaondoka. Na patula, ile paini inayouzwa sana hapa Kenya, ni mti wa nyanda za juu.

Sasa usivunjike moyo, manake bustani ya Kijapani haikufungwa kwenye mimea hio minne. Kinachoifanya iwe vile ilivyo ni kwamba miti isiyopukutisha majani ndo mifupa yake. Maua ni machache na hupita, ile kijani inabaki, na inakatwa kwa mkono mwaka baada ya mwaka mpaka mti mdogo uonekane umeishi na upepo miaka mingi. Wajapani wenyewe wakienda kusini kwenye joto hubadilisha miti. Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani, mji wa Naha, kuna bustani ya wafalme wa zamani wa Ryukyu yaitwa Shikinaen, ilijengwa 1799, ikaharibiwa na vita 1945, ikajengwa upya, na tangu 2000 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mle ndani mawe ni ya chokaa ya matumbawe kama haya yetu, na njia ya kuingilia imefunikwa na miti mikubwa ya joto, mifikus (jamii ya mikuyu) na mingine ambayo mtu wa Kyoto hawezi kuipanda nje. Kwa hivyo dada, ukitaka wa kumuiga, iga Naha. Bahari ile ile ya joto, jiwe lile lile, chumvi ile ile.

Mti wako wa kwanza ni mvinje, ndo casuarina. Najua utasema mvinje ni wa boriti, kila shamba Magarini wamepanda wa kuuza nguzo, na ufuo mzima umejaa. Hio ndo sababu yenyewe, mti ushathibitisha kwamba hapa ni kwao. Pale Bamburi, karibu na Mombasa, mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza mwaka 1971 kurudisha uhai kwenye machimbo ya simiti, chini hakukuwa na udongo, ni jiwe tupu la matumbawe na maji ya chumvi, alijaribu miche ya aina 26 na zilizopona ni 3 tu, mvinje ukiwemo. Mizizi yake ina vijinundu vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni hewani, kwa hivyo unajilisha wenyewe pale ambapo mti mwengine unalia njaa. Na kwa sura hauna mpinzani, zile unazoziona kama sindano (kwa kweli ni vijitawi, majani yake ni magamba madogo ukitazama karibu) kwa mbali ni paini kabisa, na ukipigwa na upepo unavuma kama paini.

Sasa mvinje ukiuwacha utakwenda mita ishirini na zaidi, kwa hivyo siri yote ni mkono wako. Nunua mche mdogo, urefu wa goti hivi, na usichague ulionyooka, chagua ule uliopinda ambao wenzako wameukataa. Upande umeinama kidogo kuipa bahari mgongo, kama vile kusi imeulea hivyo tangu utotoni. Kwenye shimo tia konzi mbili za udongo uliochotwa chini ya mvinje mzee, wale bakteria nimekutajia wamo humo, mche wa poti mara nyingi hawana. Ukifika kifuani kwako kata kile kilele, hapo utaanza kutoa matawi ya pembeni. Chagua matawi matano au saba yaliyopishana, moja kushoto moja kulia moja nyuma, mengine yote toa. Hayo uliyobakisha yavute chini yalale sawa na ardhi kwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi, na pale kamba inapogusa gome weka kipande cha mpira wa baiskeli usije ukalikata. Baada ya miezi tawi lishazoea, fungua.

Alafu trimu, na hapa nakuomba unisikize vizuri. Kwenye paini Wajapani hufanya kazi kubwa mara mbili kwa mwaka, machipukizi wakati wa machipuo na usafi wa sindano wakati wa vuli yao, msimu wa majani kupukutika. Mvinje hauna subira hio, wakati wa mvua unataka mkasi kila wiki tatu nne, wakati wa kiangazi unaweza kuusahau kidogo. Kila tawi lifanye liwe wingu bapa, juu limejaa, chini umelisafisha mwanga upite na shina lionekane. Na kamwe usikate ukaingia kwenye mti mkavu ambao hauna kijani, mvinje huu wetu hauchipui vizuri kutoka kwenye gogo, ukikata tawi mpaka kwenye kahawia umelipoteza na pengo litabaki. Kata kila mara ndani ya kijani. Fundi wa kawaida wa fensi hajui hili, atakuja na panga, kwa hivyo mkasi ushike wewe mpaka umfundishe mtu.

Kwa nafasi yako mivinje mitatu inatosha, na isiwe kwenye mstari mmoja. Mmoja mkubwa kona ya mbali, wa pili mdogo wake karibu nao, wa tatu upande wa pili peke yake. Hapo macho yanakuwa na pa kwenda.

Baada ya mvinje wataka vichuguu vya kijani, ile kazi ambayo kule kwao azalea hufanya, vichaka vilivyokatwa duara vikakaa chini ya miti kama mawe au vilima. Mimi hapa ningekupa Carissa macrocarpa, jamaa ya mtandamboo wetu, majani mazito yanayong'aa, maua meupe ya nyota yananukia jioni, matunda mekundu yanalika, chumvi haimbughudhi na chokaa anaivumilia. Ana miba, kwa hivyo usimweke pale watoto wanapopita mbio. Tafuta ile aina fupi inayotambaa, haihitaji kazi nyingi. Wa pili ni Murraya paniculata, ulizia kwa jina hilo la kitaalamu manake majina ya mtaani yanachanganya. Jani dogo, linakubali mkasi ajabu, na maua yake yananukia kama ya mchungwa. Lakini apandwe sehemu ambayo nyumba inamkinga na upepo wa bahari, na kama wewe au jirani ana ndimu na michungwa ya maana, muache kabisa. Yeye ni nyumba ya yule mdudu anayeeneza ugonjwa unaogeuza machungwa kuwa ya kijani na machungu, na ukishaingia shambani hauna dawa.

Kuna wa tatu ambaye kwangu mimi ni lulu, Pemphis acidula, kile kichaka cha majani madogo ya kijivu-kijani kinachong'ang'ania mwamba wa matumbawe pale mawimbi yanaporusha maji, Watamu kipo, na Okinawa pia kipo. Watu wa Asia wanakifanya bonsai (miti midogo ya kwenye chungu) za hali ya juu. Kina shina gumu na kinakua polepole mno. Lakini tafadhali usitume mtu akakung'olee mwambani. Kilichozeeka kikishang'olewa mara nyingi kinakufa, na ule mwamba unabaki mtupu kwa miaka. Okota mbegu uoteshe mwenyewe, utasubiri, lakini itakuwa halali yako.

Sasa kuna kitu kitakushangaza. Ile mtapo, sayka watu wengine wanaita, mmea wa kale wenye shina nene na majani kama ya mnazi mdogo mgumu, hio ni ya Kijapani kweli kweli. Aina yao ni Cycas revoluta, wao huiita sotetsu, kwao ni kusini, Kyushu na visiwa vya Ryukyu, na mabwana wa Kyoto waliipenda mpaka wakaipanda kwenye bustani za Katsura na kasri la Nijo tangu karne ya 17. Pale Nijo kila msimu wa baridi mafundi huivika majani makavu ya mpunga mti mzima isife kwa barafu. Wewe huna kazi hio! Panda tatu za urefu tofauti, zikae pamoja juu ya kichuguu cha mawe, na hapo hakuna atakayekwambia umeharibu mtindo. Shimo lake lisituamishe maji tu, ikioza mizizi haina kurudi. Kagua chini ya majani mara kwa mara, kuna wadudu wa magamba, weupe kama unga, wakiingia wanaimaliza, ukiwaona kata majani yaliyoathirika uyachome alafu upige mafuta ya mwarobaini na sabuni. Na mbegu zake ni sumu, kama una mbuzi au mbwa ziokote zikianguka. Aina zetu za porini usizinunue kwa mtu wa barabarani, biashara yake inabanwa na sheria za kimataifa na nyingi zinaibwa msituni, chukua ya nasari iliyooteshwa.

Nyuma kabisa wataka kitu cha kuziba ukuta wa jirani na kuvunja upepo. Mtondoo mmoja kwenye kona ya upande wa bahari. Jani lake nene linang'aa kama limepakwa mafuta, haupukutiki, chumvi kwake si kitu, na Okinawa wanaupanda kukinga vijiji na vimbunga. Unakua polepole mwanzo alafu unakuwa mkubwa, kwa hivyo upe mita sita kutoka nyumbani. Pembeni yake mianzi, lakini ile inayokaa kichaka kimoja, si ile inayotembea chini kwa chini ukaikuta sebuleni. Uliza Bambusa multiplex. Iweke upande uliokingwa na upepo, manake mianzi inaungua ncha kwa chumvi, na yenyewe ndo ipewe maji matamu ukiwa nayo.

Chini, badala ya kuvumwani, nyasi ya Pemba. Hii ya kwetu ya kawaida, inastahimili kivuli na chumvi, na ukiiwacha isikatwe fupi sana inatengeneza mawimbi laini. Kwenye kivuli cha mawe tia ile feni (fern) yetu ya porini yenye majani mapana yaliyochanika, Microsorum scolopendria, utaiona imetambaa kwenye minazi na kwenye magofu, nayo Okinawa iko vilevile. Nyasi za mondo (mondo grass) zapatikana nasari na ni za Kijapani kweli, lakini kwa maji yako ziweke tu karibu na mlango utakapozinywesha maji ya mvua.

Nimesema miti haipukutiki, lakini kama bajeti na nafasi vinaruhusu ruhusu mmoja unaopukutika, mkungu (Terminalia catappa). Matawi yake yanakaa ghorofa kwa ghorofa, na kabla ya kuangusha majani yanakuwa mekundu, na ule wekundu mbele ya kijani ya mivinje ndo utakupa kile ambacho Wajapani wanatafuta kwa miti yao ya vuli. Ni mti mkubwa lakini, kwa mita 12 kwa 9 mimi ningeuweka nje ya ukuta kama ardhi ni yako, uuone kutoka ndani.

Vya kukataa hata ukipewa bure: fikus yoyote karibu na birika, shimo la choo au ukuta. Kweli Shikinaen iko, lakini ile ni bustani ya mfalme ina nafasi, wewe mizizi itakupasulia tangi. Conocarpus pia, ule wa majani membamba wanaouza kwa fensi ya haraka, ni jasiri mno (ni mmoja wa wale 3 waliopona Bamburi) lakini mizizi yake inafuata mabomba. Na bougainvillea, naipenda, ila rangi yake itakuibia macho yote na ile kazi ya kijani haitaonekana, ipeleke mbele ya nyumba.

Mawe nenda na matumbawe ya nchi kavu unayochimba hapo hapo, yafukie theluthi yake yaonekane yameota, na kwa njia ya kukanyaga mawe bapa ya Galana. Matumbawe ya baharini usiguse, mbele yako hapo ni hifadhi ya bahari tangu 1968. Mchanga wa ufuoni usiutie kwenye mimea kabla haujaoshwa kwa mvua ya msimu mzima. Na ndugu zangu wa Lamu ambao najua mtasoma, msichote mchanga wa vilima vya Shela kwa ajili ya bustani, ule ndo unaohifadhi maji matamu ya visima. Nyinyi kwenye kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, kwenye kivuli na bila upepo, mna bahati nyengine, hapo Murraya, feni na mtapo mmoja kwenye poti vinatosha kabisa, mvinje utawasumbua tu kwa giza.

Turudi kwako. Kupanda ni mvua za masika zikishaloweka ardhi, Aprili kuingia Mei. Tatizo la hapa ni kwamba kusi nayo inaanza wakati huo huo, kwa hivyo kabla ya mche simamisha kizuizi cha makuti upande wa bahari, urefu wa mtu, kikae mwaka mzima wa kwanza. Usizibe kabisa, acha makuti yapitishe upepo kidogo, ukiziba kama ukuta upepo unaruka juu na kuangukia miche kwa nguvu. Shimo livunjwe kwenye jiwe, sentimita 60 kwa 60 na uhakikishe mwamba chini umepasuka maji yapite, jaza udongo wa msituni wa kununua, samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri na majani makavu. Kifusi cha ujenzi chenye chokaa na simiti kitoe chote, huwa kinafukiwa nyuma ya nyumba na ndicho kinachoua miche watu wakasingizia jua. Juu tandaza zile sindano za mvinje zilizoanguka, zazuia magugu na kuweka unyevu, ila zisiguse shina.

Maji ya kisima ukinyweshea kidogo kidogo kila siku unazidisha chumvi juu ya mizizi. Nywesha mara chache lakini kwa wingi, chumvi ishuke chini, jioni, na usimwagie majani. Na maji ya mvua yakusanye kwenye tangi, hayo yawe ya mianzi, mondo na Murraya, mivinje na mtapo vikishashika havihitaji. Niandikie paa lako ni la mabati au makuti na tangi ni la lita ngapi, nikupigie hesabu mianzi mingapi unaweza kuimudu mpaka vuli.